Dawa Ambayo Verdiana Hakuitoa

Verdiana alizaliwa katika kambi ya mkonge Kimamba, binti wa mkata mkonge aliyekuja kwa miguu kutoka Songea na hakurudi tena kwao. Aliolewa Chanzuru na Melkizedek, fundi wa njia ya reli, mwanamume mpole aliyerudi nyumbani jioni akinukia oili na vumbi la kokoto. Miaka ikaenda bila mtoto. Mwanzoni watu waliuliza, baadaye wakanong'ona, kisha wakanyamaza kabisa, na kunyamaza kwao ndiko kulikomuuma zaidi.

Wengi walidhani mama mkwe wake, Bibi Yunis, ndiye angemfukuza. Haikuwa hivyo. Bibi Yunis alikuwa Msagara wa milimani, mjuzi wa miti, na kila alfajiri alimchemshia mkwewe mizizi na kumkalisha kando yake mpaka kikombe kiishe. Miaka kumi na mmoja Verdiana alikunywa. Siku moja yule mama akaitua sufuria chini.

"Basi, mwanangu," alisema. "Umekunywa vya kutosha. Kesho tunakwenda wote kuchimba mizizi, nikufundishe kazi."

"Mama, dawa iliyoshindwa kwangu nitampaje mwenzangu?"

"Mimi nimezaa saba. Wanawake wanaokuja hapa kutafuta mtoto nawaonea huruma tu, lakini sijawahi kuwa walipo. Wewe utawajua."

Ndivyo alivyoingia kazini. Walipanda milimani asubuhi ukungu ukiwa bado umelala juu ya miti, na sauti zao zilisikika kana kwamba zinatoka kwa watu wengine walio mbali. Bibi Yunis alimfundisha kuchimba mzizi wa upande wa jua tu, kuacha mingine mti uishi, na kulifukia shimo taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto khanga. Majina ya miti aliyasema kwa Kisagara, na alitaka yabaki hivyo.

Katika miaka hiyo Verdiana alianza kumwota msichana wa kama miaka minne. Alikuja miguu imelowa maji ya Mto Mkondoa, akasimama mlangoni, na nyayo zake zikabaki sakafuni mpaka Verdiana alipofumbua macho. Hakumwambia mtu. Mchana, akitwanga au akipepeta, alijikuta akiangalia sakafu.

Bibi Yunis alifariki mwaka ule sabuni na sukari ziliporudi madukani na nguo za mitumba zilipoanza kurundikwa kwenye magulio. Wanawake wakaendelea kuja kwa Verdiana kutoka Kilangali, Mikumi na kwingine. Kabla ya dawa yoyote aliwatandikia mkeka kwenye baraza la nyuma na kuwaambia walale. Wengi walilala kama watu waliotua mzigo wa miaka. Wakiamka aliwaambia neno lile lile: "Mimi sitoi mtoto. Naupa mwili nafasi. Zaidi ya hapo sijui."

Yusrah alifika mwaka tisini na nne, masika yakielekea kwisha. Alikuwa mke wa Mudathir, mkata miwa wa Ruhembe, na alitembea ameinama kidogo, mkono umeshika ubavu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ulale kwanza."

Lakini Yusrah hakuweza kulala. Alieleza kwamba amekuwa akila unga wa dawa alioununua Mikumi, pale malori ya Zambia yanaposimama, kwa muuzaji mwenye kipaza sauti. Siku hizo kila mwenye meza aliweza kuuza dawa. Huyo alimwambia maumivu ni dalili kwamba kizazi kinafunguka.

"Damu uliiona lini?" Verdiana aliuliza.

"Ni mwezi wa pili huu sijaiona. Juzi yalitoka matone, meusi."

"Maumivu yako wapi?"

"Upande huu tu. Na tangu asubuhi, bega."

Maji yalikuwa yameanza kuchemka na mzizi ulikuwa tayari umeoshwa. Verdiana aliitazama midomo ya yule binti, akaona imepauka kama majivu. Bibi Yunis alikuwa amemwonya juu ya maumivu ya namna hiyo: hayo si yetu, usiyaguse. Akaipua sufuria.

"Tunakwenda hospitali."

"Mama, nimetoka mbali nije kwako. Wakinipasua sitazaa tena."

"Ukifa pia hutazaa. Simama, nakwenda na wewe."

Alimwongoza mpaka barabarani, akasimama katikati ya njia mikono ameiinua mpaka lori la magunia ya mahindi likasimama. Njia nzima ya kwenda Kilosa alimpakata Yusrah kichwa, huku mashamba yakipita taratibu, ya kijani, kimya, kama kitu kinachoonekana chini ya maji.

Yusrah alipoingizwa chumba cha upasuaji, Verdiana aliketi kwenye benchi, usingizi ukamchukua. Yule msichana akaja. Safari hii hakusimama mlangoni. Alipita mbele yake, akaenda mpaka mwisho wa korido, kwenye mwanga mwingi, akatoka nje. Miguu yake ilikuwa mikavu. Verdiana angeweza kumwita, ila hakumwita. Hakumwota tena maishani mwake.

Muuguzi ndiye aliyemwamsha. Mimba ilikuwa imetunga nje ya mji wa mimba na mrija ulikuwa umepasuka. Upande huo umetolewa, wa pili uko salama. "Mngengoja mpaka jioni, tungempoteza," alisema muuguzi.

Mudathir aliwasili kesho yake. Njiani alikuwa ameambiwa kwamba mganga wa Chanzuru amemuua mkewe, akaja amekunja ngumi. Alimkuta Verdiana akimnywesha Yusrah uji kwa kijiko. Alikunjua ngumi, akasema "Shikamoo," kisha akaketi sakafuni.

"Marahaba, baba. Daktari akiwaruhusu, mje wote wawili," Verdiana alimwambia. "Nawe utapimwa kwanza."

Mudathir alitazama viatu vyake. "Nitapimwa, mama."

Tangu mwaka huo Verdiana hakumpa mwanamke yeyote mzizi kabla hajaonwa hospitali. Wengine walikasirika, wakaenda zao kwa wenye vipaza sauti, na baraza lake likawa na siku nyingi za upweke. Yusrah alirudi na karatasi ya daktari, akanywa dawa msimu mmoja, akaacha. Mwaka wa tatu akajifungua mtoto wa kiume, hospitalini.

Walimleta akiwa na siku arobaini na tano. Mudathir alitaka kushukuru kwa kirefu.

"Ni dawa yako, mama."

"Sijui, baba. Labda mizizi, labda ule upande uliobaki ulitosha. Usinivike nisichokijua."

Yusrah alicheka, akajinyoosha kwenye mkeka, akapitiwa na usingizi kabla hajamaliza kujifunika. Verdiana alimchukua mtoto. Alikuwa mzito kuliko alivyodhania, na shingo yake ilinukia maziwa. Akakaa naye kivulini mpaka treni ya mchana ikapita na mitetemo yake ikaisha ardhini, na Yusrah hakuamka.