Marehemu Alinijibu Kuhusu Mstari Nilioufuta

Saa nne asubuhi, chai ikiwa bado mkononi, nilipata barua pepe kutoka kwa mtu aliyekufa.

Wakati huo sikujua kama amekufa.

Mimi hujitolea kusafisha msimbo huria, yaani programu ambazo yeyote anaweza kuzirekebisha. Kompaila, ile programu inayokagua msimbo, ikilalamika, nainyamazisha. Siku hiyo nilikuwa kwenye draiva, yaani programu inayoongea na mashine, ya pampu inayomwingizia mgonjwa dawa mshipani.

Onyo lenyewe dogo tu: jibu limehifadhiwa, halitumiki popote.

Nikaufuta mstari uliolalamikiwa. Kimya. Nikatuma kazi, nikajipongeza.

Kumbe nimejipalia makaa.

Barua, yenye jina la mwanzilishi wa draiva ile, ilisema: "Usiufute mstari huo. Pampu inajibu."

Nikampigia dada anayesimamia mradi. "Yule mwanzilishi wa draiva kaniandikia."

"Kaka, acha utani."

"Utani gani?"

"Huyo tulimzika mwaka juzi."

Vinyweleo vikasimama. Nikageuza kiti, nikakaa nikiutazama mlango. Mchana kweupe!

Nikaurudia ule mstari. Sasa ndipo nikausoma. Ulikuwa unaiuliza pampu: kuna hewa kwenye mpira wa dawa, ile inayoweza kumuua mgonjwa? Jibu linarudi, hakuna anayelisikiliza.

Rafiki yangu Spana, fundi wa vifaa vya hospitali, akajaribu pampu ya aina hiyo mezani kwake kwa maji matupu. Akaingiza hewa mpirani.

"Oyaa, inasukuma tu," akasema. "Hewa inapita, yenyewe haina habari."

Nikaurudisha mstari, nikaongeza amri: ukiambiwa kuna hewa, simama.

Spana akajaribu tena. Ikasimama.

Ndipo nikajikaza kiume, nikaijibu ile barua. "Wewe ni nani?"

"Mke wake, mwanangu. Anwani yake sijaifunga. Faili zake zikiguswa, taarifa inakuja humu, nami hufungua nilione jina lake tu. Kompyuta siijui. Ila mstari huo niliuandika mimi. Mikono yake ilikuwa imegoma, akawa ananitajia herufi moja moja. Akaniambia pampu inajibu, imebaki kuiambia isimame. Akachoka. Akasema tumalizie kesho. Hakuamka."

Nililia bila aibu.

Nikamwandikia: "Mama, tumeshaiambia."



Ndugu zangu, onyo usilizime kabla hujaliuliza limeona nini. Mimi siku hizi nikigusa kitufe cha kufuta, kidole kinasita chenyewe, kama vile kuna mtu kanishika mkono.