Vidole vya Béa

Mke wangu Béa anapata riziki kwa kucheza badminton ya wawili wawili. Jumapili alikuwa akicheza hapa kwetu Likasi, akitafuta nafasi ya kwenda mashindano ya Kinshasa. Mimi napasua mawe kwenye machimbo ya Kakontwe, mchezo siujui, lakini udadisi ndio ugonjwa wangu. Nilikaa jukwaani nyuma yake, nikaona kila mara kabla ya kuanzisha anaficha mkono mgongoni na kumwonyesha mwenzake vidole. Nikafuatilia. Kimoja, kile kipira cha manyoya kinaanguka karibu na wavu. Viwili, kinapaa mbali.

Pembeni yangu alikaa mama mmoja mpole.

"Mama, miye nimevumbua siri yao."

"Kweli, papa? Unielezee."

Nilimweleza yote, kisha kila mara nikamnong'oneza: moja, mbili. Yeye mara anajikuna sikio, mara pua. Nikadhani ni mbu. Wapinzani nao wakaanza kukiwahi kipira.

"Bale babinti iko na mbio," nikasema. Akaitika kwa heshima.

Béa alishindwa. Nilishuka kumpa pole. Mama naye akashuka, wapinzani wakamrukia shingoni wakimwita "coach". Kisha akanipa mkono, mbele ya mke wangu.

"Aksanti sana, papa. Bila weye hatungeweza."