Mkono wa Baba Mdogo Kwenye Karatasi

Mengi ya ujana wangu hapa Brussels nimeyasahau, mwanangu, lakini ipo Jumamosi moja ambayo hainitoki. Nilikuwa nimesimama mbele ya kaunta ya duka la silaha, mtaa wa nyuma ya kituo cha treni cha Gare du Nord, miaka ile nilipokuwa bado nina nywele na maringo. Mfukoni nilikuwa na karatasi ya daftari iliyochorwa mkono wa mtu. Nilikuja kumchagulia baba yangu mdogo bastola. Usinitazame hivyo. Keti, nikueleze nilivyofika pale.

Wewe umekulia kwenye simu za picha, hujui sisi tulivyokuwa tukiagizana vitu. Mtu wa Lubumbashi akitaka viatu kutoka Ulaya, alikanyaga karatasi, akauzungushia mguu wake penseli, akaikunja ile karatasi na kumpa msafiri. Mkanda ulipimwa kwa uzi wenye fundo. Mimi nilikuwa na sifa katika kazi hiyo. Viatu nilivyochagua havikumbana mtu, na mke wa binamu yangu alisema hadharani, kwenye arusi, kwamba nina macho mikononi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nilianza kuamini kwamba hakuna kitu duniani ambacho siwezi kumchagulia mtu asiyekuwepo, mradi niwe na kipimo chake.

Baba mdogo alikuwa fundi saa kule kwetu Lubumbashi. Baba yangu alipofariki nilikuwa na miaka sita, na huyu ndiye aliyenichukua, akanilaza pamoja na watoto wake, akanisomesha. Sikumwita mjomba wala jirani mwema, nilimwita baba. Basi mwaka ule majambazi wenye bunduki waliingia nyumbani kwake, wakabeba saa za wateja, na walipokuwa wakitoka mmoja wao akamvunja kifundo cha mkono wa kulia. Mfupa uliunga. Sote tukamshukuru Mungu, tukadhani yameisha.

Miezi michache baadaye mama mmoja wa kanisani aliyetoka kutembelea ndugu zake aliniletea bahasha. Ndani mlikuwa na barua na mchoro wa mkono. Baba mdogo alitaka bastola. Zile kubwa, aliandika, zinarudisha teke, zitamvunja tena. Lakini mteja wake mmoja, mwanajeshi, alimwambia ziko bastola za risasi nyembamba, nyepesi, inayokwenda kasi sana, ambazo hata mkono mgonjwa unazimudu. "Wewe ndiwe unajua kuchagua," alimalizia.

Na mimi, kwa bahati mbaya, nilikuwa mtu wa kuweza. Nilifanya kazi ya kusukuma vitanda vya wagonjwa hospitalini kule Woluwe, na mwenzangu mmoja wa kazini alinitia kwenye klabu ya kulenga shabaha. Nilipenda. Nilifanya mtihani, nikafaulu, nikapata ruhusa ya kununua bastola moja ya mchezo kwa jina langu. Sheria zilikuwa zimekazwa miaka ile, ruhusa haikuwa kitu cha kuokota. Nikajiambia nitainunua kwa jina langu, kisha itasafiri. Ingesafiri vipi, hilo sikuelezi, maana njia mbaya haihitaji ramani. Nilijua nikikamatwa nitapoteza kazi, nitapoteza haki ya kuishi hapa, huenda nikafungwa. Lakini yule mtu aliwahi kunibeba mgongoni hadi zahanati wakati wa mvua, nina surua, yeye mwenyewe ana homa. Ungemwambia nini?

Mwenye duka aliitwa Lucien, mzee mzungu aliyezaliwa Likasi, mji usio mbali na Lubumbashi, ambako baba yake alikuwa fundi wa reli. Kiswahili alikizungumza kama mtoto wa Likasi alivyo, na kofia hakuvua hata ndani. Nilikwenda kwake Jumamosi mbili mfululizo, na nakiri, mwanangu, nilifurahia. Kuchagua kuna utamu wake. Alinionyesha ile risasi, ndogo kuliko nilivyodhani, ganda lake lina mabega kama chupa. Alinieleza kwamba haipindi njia kwa umbali wa klabu yetu, inatikisa mkono kidogo tu, ila inapiga kelele kali na bei yake inauma. Tena kuna jambo moja: risasi hiyo ni nyembamba lakini ndefu, na kwa kuwa hukaa ndani ya mpini, mpini nao lazima uwe mpana kutoka mbele hadi nyuma. Mwenye kiganja kidogo kidole chake hakifiki vizuri kwenye kifyatulio. Alinishikisha bastola aina tatu. Zote zilinikaa sawasawa, maana mimi mikono yangu ni mikubwa, unaiona.

Lakini bastola haikuwa yangu. Ndiyo maana Jumamosi ya tatu, mzee alipogeuka kuhudumia simu, nilitoa karatasi yangu, nikaikunjua juu ya kaunta, nikalaza bastola juu ya mkono wa baba mdogo ili nione kidole kitafika wapi. Nilizama katika kupima hata sikumsikia akirudi.

"Bon," alisema. "Hii mukono ni ya nani?"

"Ni yangu, papa," nilijibu, kama sisi tunavyomwita mzee baba.

"Ni yako. Weka basi yako juu."

Njia ya mwongo ni fupi. Niliweka mkono wangu juu ya mchoro, na vidole vyangu vyote vitano vikapita mstari. Mzee Lucien hakupandisha sauti. Aliichukua bastola, akairudisha kwenye kabati, akafunga na kuuweka ufunguo mfukoni. Kisha akavuta kiti chake.

"Mutoto yangu, muntu wa kule unamununuliaka bilatu, hein? Na karatasi."

"Ndiyo, papa."

"Kilatu kama kinamufinya, atakivula. Risasi yenye imeisha kutoka, atairudisha namna gani? Hapa miye naona mukono. Macho yake sione. Roho yake sione. Sijue analalaka namna gani. Na weye hauone. Uliisha kumuulizaka?"

Nilimweleza habari yote, majambazi, kifundo cha mkono, zahanati, kila kitu, nikidhani huruma itamlainisha. Alisikiliza mpaka mwisho, na nadhani alinihurumia kweli, kwa sababu angeweza kuita polisi na hakuita.

"Njo juu ya ile unamupenda," alisema, yaani ni kwa sababu nampenda. "Ni muzuri. Lakini kupenda haiko ruhusa. Ile papier ya ruhusa ni ya weye, haiko ya muntu wa Lubumbashi. Alors, miye siuzishe. Na ku maduka ingine usijaribu, nitabatelefonia bote. Enda kwanza umuulize baba yako anaogopa nini."

Nilitoka pale nimekasirika, mwanangu, tena sana. Nilijiambia ni mzee tu wa kizungu, anajua nini kuhusu nyumba isiyo na mlinzi? Hata lile aliloniambia niulize, sikuuliza. Nikamwambia baba mdogo kwa simu kwamba bado natafuta. Wiki ya pili nikamwambia vivyo hivyo. Wiki ya tatu sikupiga kabisa, kwa aibu. Nakueleza haya usije ukadhani nilikuwa kijana mwenye busara aliyesikia la mkuu. Nilikuwa nimenyimwa tu.

Jumapili iliyofuata niliingia kwenye duka la simu la Molenbeek, vile vibanda vya mbao tulimokuwa tukigongana viwiko, nikapiga. Aliyepokea ni mama mdogo, mkewe. Sauti yake ilikuwa chini.

"Mutoto yangu, kwanza uniambie. Ile kintu ya baba yako, uliisha kuituma?"

"Bado, mama."

Halafu akanieleza. Alhamisi ile Bea, binti yao wa mwisho, alitoka mazoezi ya kwaya. Umeme ulikuwa umekatika. Mlango ulikuwa haujafungwa kwa ndani, akausukuma akaingia bila kubisha hodi, kama mtoto anavyoingia kwao. Baba yake alikuwa amesimama nyuma ya mlango na nondo. Alikuwa akisimama pale kila jioni tangu siku ya majambazi, na sisi hatukuambiwa. Alimpiga. Nondo ilishuka begani, ikavunja mfupa.

"Alimupiga mara moja tu," mama mdogo alisema. "Bea akalia 'papa', njo akamujua. Angalikuwa na ile kintu, mutoto angelilia saa ngapi?"

Aliyekuwa akisubiri zamu alinigongea kioo, nikamwonyesha ishara ya kumwomba radhi.

"Na ule mukono," akaendelea, "miye njo niliuchora. Niliukamata ku meza na nguvu, juu ulikuwa unatetemeka. Nilijua haiko mukono ya kushika bunduki. Nikanyamaza, juu naye ni bwana yangu, na alikuwa ananiomba."

Wahenga walisema mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mimi niliyekuwa najivunia macho mikononi niliutazama mchoro ule mwezi mzima, nikapima urefu wa kidole hadi nusu sentimita, na sikuona kwamba mtu mwenyewe alikuwa amekwisha kuumwa. Nilijua uzito wa bastola, nilijua kasi ya risasi. Sikujua kwamba baba yangu halali. Nililia mle kibandani, sioni haya kukuambia.

Nikaomba nipewe baba mdogo. Alichukua muda kuja. Nilidhani atanilaumu kwa kuchelewa, lakini alisema tu, "Niliona mwizi. Niliona na macho yangu. Kumbe ni Bea."

Ndipo nikamuuliza. "Baba, unaogopa nini?"

Alianza kusema, na hakuacha. Alinieleza jinsi walivyomlaza kifudifudi mbele ya watoto wake, jinsi mmoja alivyomkanyaga shingo na kucheka, na kwamba tangu siku ile hawezi kuishika saa ndogo ya mwanamke bila koleo kuanguka. Wateja alikuwa akiwaambia macho yamechoka. Kadi yangu iliisha, nikanunua nyingine. Jumapili iliyofuata tukaendelea, na nyingine, na nyingine. Mpwa wake mmoja alihamia nyumbani kwao. Mama mdogo akampeleka kwa daktari ambaye baba mdogo mwanzoni alimwita wa wendawazimu, kisha akamwita rafiki. Hakupona yote. Hakuniomba tena bastola, na bega la Bea mpaka leo limeshuka kidogo upande wa kushoto, ukiangalia picha zake utaliona.

Kwa Mzee Lucien nilirudi. Nilimweleza kuhusu Bea. Alivua kofia, akakaa nayo mapajani muda mrefu. Ruhusa yangu niliiacha ikaisha muda wake.

Sasa sikiliza, mwanangu, maana wewe nawe umeanza kupokea maombi ya nyumbani, na unaowapenda hutaki kuwaangusha. Sikukatazi kutoa. Asiyetoa ni mkavu. Lakini mtu anayekupenda akikuomba kitu kinachoweza kuua, usianze na kipimo, wala bei, wala kipi ni chepesi mkononi. Anza na yeye. Muulize analala vipi, anaogopa nini, nani huingia mlango ule bila kubisha. Kuuliza si ujinga, na wala si ukosefu wa heshima, hata kwa aliyekubeba mgongoni. Akikasirika, mvumilie, hasira ya mzee hupoa. Na siku utakayotaka kumfanyia mtu jambo kwa upendo ukajikuta unadanganya ili ulifanye, simama papo hapo. Mimi niliokolewa na mzee mwenye ufunguo mfukoni. Wewe usimngojee wako.

Mungu akulinde, mwanangu, akulindie na wale unaowapenda kwa mbali. Akupe mikono mikunjufu, na subira ya kusikiliza kabla hujaifungua. Na kila mlango utakaosukuma jioni, akukutanishe nyuma yake na mtu aliyelala vizuri.