Gari Jekundu Ukutani

Mume wangu aliendesha trekta ya kubeba miwa upande wa Butere, na miaka ile ya tisini mimi nilikuwa na hofu moja tu: macho yake. Alikuwa akipapasa meza kabla ya kushika kikombe. Nikimwambia aende akapimwe, ananijia juu. "Mama, niache! Dereva asiye na macho anafutwa kazi." Nilichoka kusema. Hata mdomo huchoka.

Sebuleni alikuwa amebandika picha ya gari la Kiitaliano, jekundu, iliyotoka kwenye kalenda kuukuu. Kila mgeni alipewa darasa. "Hili si lile la kawaida. Hili ndilo waliloliongezea nguvu. Silinda kumi na mbili, bwana! Ona bawa la nyuma, ona hayo magurudumu yalivyo mapana." Mtu anayetambaa na trekta matopeni, sijui gari hilo lilimhusu nini. Lakini alilipenda, nami nikamwachia.

Desemba ikifika, kwetu wanawake hubandua kila kitu ukutani na kukandika nyumba upya kabla watu wa Nairobi hawajarudi kwa Krismasi. Nikatoa picha ya harusi, nikatoa na gari, nikaviweka kitandani. Nikakandika udongo na mavi ya ng'ombe tangu asubuhi, mgongo ukiniuma, hakuna wa kunipokea.

Saa saba mchana mume wangu akaingia na mdogo wake, aliyefika siku hiyo hiyo kutoka Nairobi. Akamvuta hadi ukutani. "Ona bawa hilo! Ona magurudumu!"

Ukuta ulikuwa mtupu. Shemeji akacheka akidhani ni mzaha, kisha akanitazama usoni. Akatoka nje.

"Mzee," nikauliza, "hapo unaona nini?"

Akanyoosha mkono. Kidole kikazama kwenye udongo mbichi.

"Na barabarani unaendaje?"

"Barabara nimeishika kichwani, mama. Naijua yote."

Ala! Barabara hiyo ndiyo watoto wetu watatu waliyopitia kwenda shule, asubuhi na jioni. Nilimkasirikia, haki ya Mungu, na nikamhurumia papo hapo. Nikamwambia alete ufunguo wa trekta.

Akautoa mfukoni.

"Sasa watoto watakula nini?" akauliza.

Niliuchukua.