Ndoo Tisa Si Ndoo Thelathini

Blandine Numbi alifundisha darasa la sita kwenye shule moja ya msingi huko Kikula, Likasi, kwa miaka kumi na minane. Hakuwa mtu wa kelele. Waliomfahamu walisema hasira yake huanza kwa kunyamaza.

Mwaka ule shule ilipata pompe ya mkono ya kuvuta maji ya kisima, zawadi ya wageni kutoka ng'ambo. Blandine akaona hapo kuna somo. Kila asubuhi saa moja watoto walivuta maji kwa nusu saa, wakahesabu ndoo na kuandika. Ijumaa walichora miti ya hesabu, mistari minene iliyosimama wima, juu ya karatasi ya mfuko wa simenti: urefu wa sentimita moja, ndoo moja. Wiki ya kwanza zilikuwa thelathini na moja kwa siku. Wiki ya sita, tisa.

Mkurugenzi wa shule, Zéphirin, alipoiona karatasi ile ukutani alimwita ofisini.

"Madame Blandine, bageni benye balileta pompe banakuya Jumanne. Ile karatasi yenu inasema pompe inakufa. Muandike trente, ndoo thelathini, kila siku."

"Monsieur le Directeur, pompe njo inakufa kweli. Si batoto baliiua."

"Ni karatasi tu, madame."

Blandine alitoka bila kuaga.

Jumatatu alikuta karatasi mpya ukutani, imechorwa kwa kalamu nyekundu. Miti yote ilikuwa na kimo kimoja, kama askari kwenye gwaride. Chini yake mtu alikuwa ameandika: Kazi ya wanafunzi wa darasa la sita.

Shekina, msichana aliyekuwa akishika daftari la hesabu, aliisoma, kisha akamgeukia mwalimu wake.

"Madame, ni nani alisema bongo, uongo hii, mu jina yetu?"

Wiki sita Blandine alikuwa amewakemea watoto hawa kwa kukosea nusu ndoo. Wiki sita alikuwa amewaambia: andika unachokiona, si unachokipenda. Na sasa mtu mzima, mwenye funguo za shule, alikuwa amewafanya waongo bila kuwauliza.

Hakuichana karatasi.

Jumanne wageni walikuja. Zéphirin aliwasimamisha mbele ya miti yake myekundu, akawasifu watoto. Blandine akasubiri amalize, kisha akasema kwa sauti ya kawaida, "Tunapimaka kila siku. Leo hatuyapima bado. Shekina, beba daftari."

Darasa zima lilitoka na ndoo, wageni nyuma yao. Watoto walivuta kwa zamu. Ndoo ya saba ilijaa nusu, ikawa matope. Baada ya hapo pompe ilitoa upepo tu. Shekina aliandika: sita na nusu. Kisha akampa mgeni mmoja daftari lote, tangu siku ya kwanza.

Mafundi waliotumwa na wageni walikuja baada ya wiki tatu, wakagundua bomba halikufika chini vya kutosha. Walilirefusha.

Blandine alipewa barua ya kumtaka ajieleze kwa utovu wa nidhamu. Alijibu kwa mstari mmoja: nilifundisha somo lililo kwenye programu ya masomo. Shule ikamnyang'anya darasa la sita, ikampa la kwanza.

Hasira haijamtoka. Zéphirin akimsalimia barazani, Blandine huitikia, kwa kuwa ni mkubwa wake wa kazi, lakini hamtazami usoni. Kisha huingia darasani kwake, ambako watoto sitini wanajifunza kuhesabu vifuniko vya chupa. Anayesema saba huku ana vitano mkononi, anaambiwa ahesabu tena.