Mpini Uliopinda

Namshukuru Mwenyezi Mungu, aliyeuachia mkono huu nguvu ya kushika kalamu baada ya kuchoshwa na jembe, na akanibakizia kumbukumbu hata ya makosa yangu.

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nikiwa kijana niliyetoka kijijini kwetu Mgori kwenda Arusha kutafuta kazi. Niliipata ya ukedi, yaani kubeba mfuko wa fimbo za wacheza gofu. Niliyembebea ni Mzee Njiku, bwana shamba mstaafu, Mnyaturu mwenzangu. Bega lake lilikuwa limechoka, akipiga taratibu kama anayepura uwele huku akiongea na mgeni. Kila alipoanza kwa fimbo ndefu, mpira ulikwenda chini chini, ukakimbilia vichakani kulia.

Fundi Hamisi, mwenye kibanda cha fimbo nyuma ya uwanja, alimtazama akipiga, akasema, "Mzee, mpini huu ni mgumu, wa vijana wenye kasi. Nikuwekee mwepesi, laini zaidi."

Kesho yake akanikabidhi fimbo. Nikaitikisa, ikayumba.

Sasa kwetu, baba alinifundisha kupima mpini wa jembe kwa kuuweka gotini na kuuvuta. Ukipinda, ni kuni. Basi nikajua, au nilidhani najua, kwamba fundi amejibakizia mpini mzuri na kumpa mzee takataka. Wiki ile mzee alikuwa na homa, nami nikaitumia kumchunguza fundi. Niliona kitu kirefu kimefungwa kitambaa juu ya kabati lake. Niliona anafunga mlango mapema. Mwenye shaka hakosi ushahidi, mwanangu. Hata salamu yake niliiona ndefu mno. Nikawanong'oneza makedi wenzangu, nao wakawaambia wazee waliowabebea mifuko, na watu watatu wakaenda kuchukua fimbo zao kabla hazijatengenezwa.

Mzee Njiku aliporudi nikamwamkia, kisha nikasema, "Mzee, fimbo hii usiipige. Kikulacho ki nguoni mwako."

"Wewe umeipiga?"

"Hapana. Lakini inapinda."

"Hata mimi napinda," akasema. "Mbona hujanitupa?"

Akapiga, taratibu kama kawaida yake. Mpira ukapanda, ukanyooka, ukatua katikati ya majani. Hakunitazama. Alitangulia hadi kibandani, nami nyuma na mfuko, akamwomba fundi amwonyeshe mpini ule wa kwanza. Fundi akateremsha kile kitu kirefu, akafungua kitambaa. Ulikuwa ule mpini mgumu wa zamani, umefungiwa karatasi yenye jina la mtoto wa Mzee Njiku. Mzee mwenyewe ndiye aliyeomba atunziwe mpaka kijana aje likizo. Hapo nikakiri yote niliyowanong'oneza makedi.

"Fimbo yangu umeipima kwa goti lako," mzee akaniambia, "na mwenzio umempima kwa jicho lako. Nenda kwa wote uliowaambia."

Nilikwenda. Wawili walirudi kwa fundi. Wa tatu alinisikiliza, akacheka, akasema panapofuka moshi pana moto. Nilimrudia mara nyingi, hakubadilika. Fundi alinisamehe, Mungu amlipe, lakini tangu hapo kila nilipoingia kibandani aliacha kazi na kusimama karibu na kabati lake. Sikuweza kumlaumu.

Siku hizi mnatumiana picha za fimbo kwenye simu, na kila mmoja anautaka mpini mgumu wa mabingwa. Mwanangu, kama mkono wako ni wa taratibu, chukua mwepesi unaokubali kupinda, wala usione haya. Mpini hufuata mkono, haufuati sifa. Anayekuuzia usimwamini kabla hujapiga, wala usimshuku kabla hujapiga. Na shaka ikikuingia, mpelekee mwenyewe kwanza, kabla ya jirani. Mola wetu ametuonya kwamba dhana nyingine ni dhambi, nami niliiona dhambi hiyo ikisimama mbele ya kabati.

Mwenyezi Mungu akujaalie, wewe unayesoma, mkono unaojua kiasi chake na jicho lisilomtangulia mtu kwa ubaya. Na mlango utakaoubisha leo, ufunguliwe na mtu asiye na sababu ya kujilinda dhidi yako. Amina.