Mtani Alipoleta Habari ya Mtihani

Pazi wa Kinole alikuwa mwoga, na hakuna haja ya kumpamba. Aliogopa kiboko cha askari, na zaidi ya kiboko aliogopa reli. Vyote viwili vilikuwa vinamsubiri mlangoni pa darasa la makarani kule mjini Morogoro, maana mwaka ule Pazi alikuwa anarudia.

Kurudia darasa enzi za Mdachi, jamani, hakukuwa mchezo. Sheria ilisomwa uwanjani, wanafunzi wamepangwa mistari, watu wazima wenye ndevu na wake zao nyumbani. Anayeshindwa mtihani atarudia, mara moja tu. Akishindwa tena anatolewa, anapelekwa kujenga reli. Na asiyeonekana siku ya mtihani amehesabiwa ameshindwa, hata awe na sababu gani. Mkalimani alitafsiri kwa makelele kuliko bwana Mdachi mwenyewe, utafikiri sheria kaitunga yeye.

Reli wakati huo ilikuwa imeshaipita Morogoro, inaelekea Kilosa. Mikidadi, jirani yao Pazi, alirudi kutoka huko akiburuta mguu ulioangukiwa na taruma, lile pande la chuma linalolaliwa na reli. Pazi alikuwa akiuona mguu ule hata akiwa anakula.

Mwaka wa kwanza alishindwa hesabu. Si kwamba hakuzijua! Alikiona kiboko kimelazwa mezani, namba zote zikamtoka kichwani.

Mwalimu wake aliitwa Yunusi, Mluguru mwenzake, na koo zao zilikuwa za watani tangu enzi za mababu. Na mtani wa Kiluguru, kama humjui, muombe Mungu akupe uvumilivu. Atakutukania mama yako, atakuvua kofia, atakulilia msiba ungali hai, na wewe huna ruhusa ya kununa. Ndani ya darasa Yunusi alimfundisha Pazi kwa upole, akimrudishia hesabu ileile mpaka imwingie. Wakitoka nje tu, anaanza.

"We Pazi, mataruma yanakuulizia. Nimeyaambia yasikonde, unakuja."

Ijumaa moja alimwendea mbio, akamwapia kwamba mtihani ni siku ileile. Pazi alikimbia na kibao chake mkononi, akafika uwanjani akakuta mbuzi tu. Yunusi alicheka mpaka akakaa chini. Pazi naye akacheka, afanyeje?

Mtihani wenyewe ulipangwa baada ya mavuno ya mpunga. Siku zilipokaribia, ikaja habari kutoka Kinole kwamba mjomba wake amefariki. Kwa Waluguru ukoo ni wa mama, na mjomba ndiye mwenye mtu. Huyu ndiye aliyemlea Pazi, ndiye aliyempeleka darasani, na jina lake lilikuwa lirithiwe na Pazi. Pazi akaomba ruhusa, akapewa, kwa kuwa mtihani bado. Akapanda mlima huku akilia.

Kaburi lilikuwa limeshachimbwa, maiti haijateremshwa, Yunusi akatokea kati ya migomba, kalowa jasho, anahema. Watu walifurahi. "Haya, watani wamefika!" Na mtani hafiki msibani akasimama kama mgeni. Yunusi alimtazama Pazi, akafungua mdomo kutaka kusema kitu, lakini wazee walikuwa wameshaanza kumsukuma. Basi akaruka kaburini, akajinyoosha.

"Hapa pazuri! Mimi silipi kodi tena. Huyo marehemu mpelekeni mjini akafundishe!"

Watu wakacheka machozi yakiwatoka. Wakamfungia kuku wa kumtoa kaburini, kama ilivyo ada, naye akatoka na udongo kichwani. Akamshika Pazi mkono.

"Pazi, mtihani ni kesho asubuhi. Bwana mkaguzi anaondoka na treni, kausogeza. Twende sasa hivi."

Loo! Kicheko kililipuka upya. Bibi mmoja akapiga kelele, "Mwongezeni kuku wa pili huyo!"

"Wallahi sitanii."

"Hata ile Ijumaa uliapa," Pazi akasema. Alikuwa anacheka, lakini mkono wake hakuutoa mkononi mwa Yunusi.

Chausiku, mkewe, akamsogelea. "Nenda naye, mume wangu. Macho yake hayacheki."

Pazi akamtazama Yunusi, akalitazama kaburi. Akimwacha mjomba hajafukiwa kwa sababu ya mzaha, ukoo mzima utamcheka maisha yake yote, na jina atapewa mwingine. Na kama si mzaha? Alitamani mtu amwamulie.

"Nikishamzika nitakuja," akasema.

"Hutawahi. Na mimi nisipokuwepo mlangoni kesho, watanichapa."

"Tangulia, mtani. Kayasalimie mataruma."

Watu wakashangilia jibu hilo. Yunusi akageuka, akateremka mbio.

Walizika, wakaomba dua, wakakaa kula. Hapo ndipo Chausiku alipokuja na kuku, bado kafungwa miguu.

"Mtani kamwacha," alisema.

Pazi akaacha tonge. Mtani gani huyo anayeondoka msibani bila kuku wake? Hajapata kuonekana. Akainuka bila kunawa, hakuaga mtu, akashuka milima akikimbia, akianguka na kuinuka, akimwomba Mungu iwe ni mzaha. Atukanwe mwaka mzima, achekwe hata na watoto, mradi uwe mzaha.

Alifika kesho yake, jua limeshapanda. Darasa lilikuwa tupu, kibao chake kiko juu ya benchi hakina hata namba moja, na askari kasimama mlangoni. Hakuulizwa kitu.

Stesheni, waliokuwa wanapelekwa relini walikuwa wengi, kila mmoja na kifurushi chake. Cha Pazi alikibeba Yunusi, aliyekuwa amewasihi mabwana mpaka akatishiwa kiboko. Alitembea kando yake kimya njia nzima. Kimya kile ndicho kilichomtisha Pazi kuliko bunduki ya askari.

"Mtani," Pazi akasema, "nitukane basi. Niambie mataruma yananisubiri. Niambie chochote."

Yunusi akamkabidhi kifurushi kwa mikono miwili, akainamisha kichwa.

"Nisamehe, Bwana Pazi," akasema.

Tangu wazaliwe hakuwahi kumwita bwana. Pazi akajua kwamba haya ni kweli, na askari akampandisha behewani kwa kumshika kwapa.